Kivuli Kinachoruka Ukuta

Jumatatu, 2 Oktoba

Ninaibiwa. Leo nimehakikisha.

Nimekaa uani tangu asubuhi, nikisogeza kiti changu kufuata kivuli cha mwarobaini. Saa mbili kivuli kilikuwa kizito, kimefunika ukuta wa chumba changu cha kulala na nusu ya ua. Nani anahitaji kivuli saa mbili asubuhi? Hata jua lenyewe lilikuwa bado linapiga miayo. Saa sita kikajikunja chini ya shina. Saa nane, jua lilipoanza kuchoma mpaka kandambili zikalainika, kivuli kikafika ukutani. Kikaupanda ukuta. Kikaruka!

Upande wa pili nikasikia cherehani. Mama Cherehani, jirani yangu, amekaa kwenye kivuli changu, anashona na kuimba.

Mti ni wangu. Uko ndani ya ukuta wangu. Namwagilia mimi, kopo moja kila jioni, pale pale shinani, kiangazi chote. Nilikuwa mtunza ghala mpaka nikastaafu, na katika ghala langu haukutoka hata msumari bila saini. Sasa mali bora kuliko zote katika nyumba hii inatoka kila siku, mchana kweupe, huku nimekodoa macho.

Tena si mti tu. Aliupanda marehemu mke wangu. Alikuja nao kutoka sokoni ukiwa ndani ya kopo la maziwa, mche wenye kimo cha kijiko. Nguo zake tulizigawa. Vyombo alichukua binti yetu. Kilichobaki hapa cha mkono wake ni mti huu. Binti ananisihi kila juma nihamie kwake, anasema nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja. Nimemwambia maadamu mti umesimama, siondoki. Haelewi, lakini ameacha kubishana.

Kwa hiyo kivuli chake nakitaka. Chote.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilivaa shati la mikono mirefu ili ajue kwamba jambo si dogo.

Nikamweleza. Akaniuliza kama jirani ameruka ukuta. Nikasema hapana, kilichoruka ni kivuli. Akaniuliza kimesukumwa na nani. Nikafikiri, nikasema na jua. Akakuna kidevu, akasema jua si mkazi wa mtaa wake, hana mamlaka nalo. Karani wake akajitia kukohoa, akatoka nje. Nikamsikia huko nje akicheka mpaka akashika ukuta.

Mwenyekiti akanishauri nizungumze na jirani kwa wema. Kisha akanikumbusha kwamba msimu wa dhoruba unakaribia, na kila mwenye mti mkubwa karibu na nyumba apunguze matawi, tena pande zote, mti usielemewe upande mmoja. Hutangaza hivyo kila mwaka kwa kipaza sauti. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni, sikushika yote. Nilishika yaliyonihusu: apunguze matawi.

Apunguze matawi! Mwenyekiti mwenyewe ameagiza! Nimerudi nyumbani mwepesi, nimepita dirishani kwa Mama Cherehani na kumwamkia kwa sauti kubwa. Akaitikia vizuri. Hajui.

Alhamisi, 5 Oktoba

Amekuja Msumeno. Mtaa mzima unamwita hivyo, sidhani kama hata mama yake anakumbuka jina jingine. Ana baiskeli, kamba, na msumeno wa mota wenye makelele ya kuamsha mtaa. Hajawahi kumwambia mtu kwamba mti wake haustahili kukatwa.

Nikamwonyesha. Matawi yote ya mashariki, upande wa ukuta, yashuke. Ya upande wangu yasiguswe. Hata Msumeno akasita. Akasema mzee, huu mti utakuwa kama mtu aliyebeba ndoo mbili, akanyang'anywa moja. Akapendekeza apunguze kidogo huku na kidogo kule. Nikamwambia nimemwita kukata, sikumwita kutoa hotuba. Akapanda.

Matawi yakaanza kuangukia upande wa pili. Cherehani ikanyamaza. Mama Cherehani akachungulia juu ya ukuta, midomo imeshika pini kama kawaida yake. Akazitoa moja moja, akaniuliza, “Shemeji, mti umekukosea nini?”

Ananiita shemeji kwa sababu alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu. Nikamjibu kwamba ni agizo la mwenyekiti. Akautazama mti, akanitazama mimi, akasema marehemu angeyaona haya angekaa chini. Kisha akaanza kuyakusanya matawi yaliyoanguka uani kwake, taratibu. Majani aliyaweka kando, matawi akayapanga vizuri kabisa.

Nilitaka agombe. Nilikuwa nimeandaa majibu tangu alfajiri. Mtu akigomba unajua umeshinda, lakini mtu anayepanga matawi humwelewi.

Ijumaa, 6 Oktoba

Saa saba nilikuwa nimeshaketi kitini, nimebeba na maji ya kunywa. Nilitaka kukiona kivuli kikibaki nyumbani kwa mara ya kwanza.

Saa nane kikaruka.

Kimeruka! Chembamba kuliko kawaida, kina matundu, lakini kimeruka. Matawi yangu, niliyoyaacha upande wangu kwa upendo, kivuli chake nacho kimekwenda kwake! Nimekata nusu ya mti na jua halikujali hata kidogo. Nilisimama mdomo wazi mpaka nzi akaingia.

Si hilo tu. Asubuhi jua lilipenya mpaka kitandani kwangu. Haijawahi kutokea. Nimelala chumba hicho miaka nenda rudi, na kila asubuhi nilikuwa nikiamshwa na ndege, si na joto. Leo nimeamka nimelowa jasho, nikanyoosha mkono upande wa marehemu, kisha nikakumbuka.

Cherehani imeanza tena. Anaimba, ingawa si kwa sauti kama zamani.

Jumapili, 8 Oktoba

Nimebadili mbinu. Leo ni diplomasia.

Nilimwita Mama Cherehani ukutani nikampa pendekezo rasmi. Akiri kwamba kivuli ni changu na kwamba anakaa hapo kwa hisani. Akiri tu, nami nitamwacha akae mpaka achoke. Nilidhani hakuna binadamu awezaye kukataa masharti laini kiasi hicho.

Akakataa. Akasema shemeji, mti huu unakunywa kwangu. Nikamuuliza unakunywaje kwake na shina liko kwangu. Akasema kila Jumamosi akimaliza kufua, humwaga beseni zima la maji ya kusuuzia hapo kwake, chini ya ncha za matawi, mbali na shina. Ndivyo alivyofanya marehemu, akasema. Maji mengi kwa mara moja, mbali na shina, kisha unauacha mti ukae na kiu kidogo ili mizizi ishuke kuyatafuta chini. Mizizi ikishuka, upepo hauubabaishi mti. Kopo langu la kila jioni, akasema, linaosha gome tu.

Nikamjibu kwamba kumwagilia mti mbali na shina ni sawa na kumlisha mtu kwa kumpaka uji miguuni. Nilijiona nimejibu vizuri mno. Akacheka mpaka pini zikamdondoka, na mimi nikajikuta namsaidia kuzitafuta kwa macho kutoka juu ya ukuta. Hilo halikuwa kwenye mpango.

Lakini nimerudi ndani nikawaza. Kumbe mizizi imevuka! Imepita chini ya ukuta na inakula kwa jirani. Sasa naelewa kila kitu. Mtoto anayekula kwa jirani kila siku mwisho wake hulala huko huko. Ndiyo maana kivuli kinakwenda kwake. Moyo wa mti uko kule!

Basi, kosa halikuwa juu. Kosa liko chini.

Jumanne, 10 Oktoba

Msumeno amekataa. Amesema yeye anakata vya juu, vya chini ni vya Mungu. Mwoga mkubwa. Nimefanya mwenyewe.

Nimechimba mtaro kando ya ukuta, kutoka kona mpaka kona, kwa sururu na shoka. Ardhi ngumu kama tofali, sururu inaruka na kunirudia. Nilipofika kina cha goti nikaikuta. Mizizi! Mingine minene kama mkono wangu, yote imeelekea kwake, haina hata aibu.

Mama Cherehani akauliza kutoka upande wa pili kulikoni, mbona vishindo. Nikamwambia ninatengeneza tuta la mchicha. Akasema mchicha wakati huu wa kiangazi? Nikasema ni mbegu mpya.

Nilipoukata mzizi mnene kuliko yote, mti ukatikisika. Majani machache yakaniangukia begani. Nikasimama na shoka mkononi. Nilimwona marehemu amepiga magoti hapa hapa, mikono imejaa udongo, ananikemea nisiukanyage mche wake. Alikuwa na sauti kubwa kwa mwili mdogo. Ningetoa chochote nikemewe tena.

Nikajikaza kisabuni. Nikaimaliza yote.

Jumatano, 11 Oktoba

Mgongo. Siwezi kuandika.

Alhamisi, 12 Oktoba

Ushindi!

Mti umeinama. Si sana, lakini umeinama, tena kuelekea kwangu! Nimeutazama kutoka mlangoni, kutoka dirishani, nikiwa nimesimama, nikiwa nimechuchumaa. Hakuna shaka. Umekatiwa chakula cha jirani, sasa umeanza kugeuza shingo nyumbani. Majani yamenywea kidogo, lakini mtu yeyote hunywea akihama.

Ili kuutia moyo nimeufunga kwa waya wa kuanikia nguo. Nimeuzungusha shinani mara tatu na kuukaza kwenye nguzo ya baraza, ili usije ukabadili nia ukarudi kule. Nimeukaza mpaka waya unatoa sauti ukiugusa.

Jioni amekuja binti yangu kunijulia hali. Alipoingia uani akaweka mkono kifuani. Akasema Baba, huu mti umelalia chumba chako. Nikamwambia haujalala, umerudi. Akauliza nani ameukata hivi upande mmoja. Nikasema mwenyekiti. Akazunguka nyumba, akaugusa waya, akaja kuketi karibu yangu na kunishika mkono, na mimi nikajua anataka kusema jambo zito.

Akasema dhoruba zimeshaanza miji ya jirani. Akaniomba tena nihamie kwake, chumba kipo, wajukuu wananiuliza. Nikamjibu yale yale, maadamu mti umesimama siondoki. Akaniuliza, na ukianguka? Nikasema hauanguki. Akasema sawa Baba, lakini ukianguka utakuja kwangu bila ubishi, niahidi. Nikaahidi. Kuahidi jambo ambalo haliwezi kutokea ni rahisi, ulimi hausiti hata kidogo.

Alipoondoka nikamwagilia. Kopo moja, na nusu kopo la pongezi.

Jumapili, 15 Oktoba

Shajara hii nimeichomoa asubuhi hii chini ya mabati ya chumba changu. Kurasa zimelowa, wino umetawanyika. Naandika nikiwa kwa Mama Cherehani, kwenye meza yake ya kukatia vitambaa.

Jana mchana hewa ilisimama. Mbingu ya mashariki ikageuka rangi ya sufuria kuukuu. Mimi nilikuwa nimeshavua viatu ili nijinyooshe kitandani, kama desturi yangu kila mchana. Mama Cherehani akaniita kwa kelele, shemeji njoo unisaidie kuingiza cherehani, upepo unakuja. Nikamwambia anipe dakika. Akasema hakuna dakika. Nikavaa viatu shingo upande, nikazunguka ukuta huku nikinung'unika kwamba watu wanakula kivuli cha mtu kisha wanamfanya hamali.

Tukaiinua, yeye huku na mimi kule. Chuma kitupu cha zamani! Tulipoifikisha ndani akaniambia na kigoda, tafadhali. Nikatoka kukichukua.

Kigoda hicho nimekiona siku zote kutoka juu ya ukuta, kimewekwa mkabala na cherehani. Nilidhani ni cha wateja. Nilipokiinua nikaona mguu wake mmoja uliopasuka umefungwa kwa kitambaa cha buluu, na kitambaa hicho nakijua. Ni pindo la gauni la marehemu.

Nilikuwa nimekishika hivyo hivyo upepo ulipofika. Vumbi kwanza, kisha mvua iliyokuja ubavuni. Nikauona mti ukiyumba kuelekea kwangu, ukarudi, ukayumba tena. Ardhi chini ya ukuta ikafunguka na kuinuka kama mfuniko wa chungu kinachochemka. Nikaiona mizizi ikitoka, ncha zake zimekatika nyoofu, nyeupe. Waya ukalia. Nguzo ya baraza ikang'oka nao. Halafu mti ukalala, pole pole kuliko nilivyotarajia, juu ya chumba changu. Juu ya kitanda changu.

Nilisimama kwenye mvua nimekumbatia kigoda mpaka Mama Cherehani akanivuta ndani kwa mkono wa shati.

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nililia kwa sauti mbele ya jirani yangu, na nilikuwa silii kwa ajili ya bati wala kitanda.

Aliniachia nilie. Baadaye akaleta chai, akanieleza. Mti ule haukupandwa karibu na ukuta kwa bahati. Walipatana wao wawili, asubuhi kivuli kiwe kwetu, mchana kiwe kwake. Mimi nilikuwa ghalani siku zote mpaka magharibi. Kila siku saa nane marehemu alifunga mlango, akazunguka ukuta, akaja kuketi kwenye kigoda hiki. Alimshonea vifungo, alimsimulia habari, alinisema kidogo. Kivuli kilipokuja, akasema, na yeye alikuwa anakuja nacho. Tangu alipofariki, Mama Cherehani hajawahi kushona bila kukiweka kigoda hapo.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile nilipokata matawi. Akasema alidhani ninajua. Akasema nani asingejua mke wake anashinda wapi.

Chai ilikuwa imepoa. Niliinywa hivyo hivyo.

Jumatatu, 16 Oktoba

Binti amekuja na gari. Alipoliona paa akanikumbatia muda mrefu, akisema Baba ungekuwa umelala, Baba ungekuwa umelala. Kisha akafuta macho na kuanza kukunja nguo zangu. Ahadi ni ahadi.

Mti umelala. Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama akikunja.

Msumeno akaja kuuondoa mti juu ya paa. Hakunikumbusha habari ya ndoo mbili, lakini alinitazama kwa namna ya ndoo mbili. Akakata shina karibu na chini. Uzito ulipotoka, kisiki kikarudi chenyewe ndani ya shimo lake kwa kishindo na kukaa wima. Binti akashtuka. Mama Cherehani, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema basi hicho kiko hai. Akamwambia mwanangu, mwarobaini haufi hivi hivi, mizizi ya upande wa nyumba bado imeshika, na mvua imeanza. Utachipua. Ila unahitaji mtu wa kuuangalia, na mimi na cherehani yangu siwezi peke yangu.

Binti akatutazama wote wawili. Mkaidi kama mama yake, lakini ana huruma ya mama yake pia. Akasema mwisho wa mwezi ujao. Kisiki kikichipua, nibaki. Kikikauka, ninakwenda kwake, na safari hii hataki kusikia neno mti.

Jambo jingine. Alipokuwa ndani anafunga begi, nilimwona Mama Cherehani akisukuma udongo kwa mguu, anaufukia mtaro wangu na ncha zile nyeupe za mizizi, kabla binti hajatoka. Alipomaliza akajikung'uta kandambili. Akaniuliza kwa upole mchicha wangu umeotaje.

Nimechunguza chanzo cha ajali. Waya ulikuwa hafifu.

Jumapili, 5 Novemba

Fundi ameezeka chumba. Kisiki hakina kitu. Nakikagua asubuhi, mchana na jioni, nimekivalia miwani. Kimekaa kimya kama mtu aliyekasirika, na ana haki.

Namwagilia sasa kama marehemu alivyofanya. Beseni zima, mbali na shina, kisha naacha siku zipite. Inaniuma kuyaona maji yakipotelea ardhini mbali na mti, lakini najizuia. Niliwaambia wote kwamba ni ugunduzi wangu.

Kila siku saa nane nazunguka ukuta na kuketi kwenye kigoda. Mama Cherehani sasa anashona ndani, kwa sababu nje hakukaliki. Chumba chake kidogo, joto kama la tanuri, jasho linamtiririka juu ya vitambaa vya watu na anafuta kwa kiwiko. Halalamiki. Ningefurahi angelalamika. Amenipa vifungo nishone. Nimeshona kimoja kikashika shati pamoja na suruali yangu.

Wakati mwingine ananisimulia mambo aliyosema marehemu akiwa kwenye kigoda hiki. Mengine yananihusu na si mazuri. Namwomba ayarudie.

Ijumaa, 17 Novemba

Kimechipua!

Nilikuwa nimepiga magoti, pua karibu na gome. Kijani! Mahali pa kwanza, nikadhani ni ukungu. Mahali pa pili. Nikapiga kelele, Mama Cherehani akaja mbio na mkasi mkononi akidhani nimeumwa na nyoka. Tukapiga magoti wote wawili kwenye tope. Akaanza kuimba wimbo wake ule, kwa sauti ya zamani, nami nikaitikia pasipo kuujua.

Nimempigia simu binti. Nilimsikia akivuta kamasi. Nadhani alikuwa analia. Akasema atakuja mwenyewe kuona.

Jumamosi, 25 Novemba

Binti alikuja jana. Aliona, akagusa majani kwa ncha ya kidole, akasema haya Baba, umeshinda, baki. Ila akanionya. Akasema hivi vichipukizi ndivyo vinavyokuweka hapa, vikifa tusianze upya mazungumzo. Nikamwambia mimi wa leo si yule wa Oktoba. Nilisema kwa dhati kabisa. Mama Cherehani aliniangalia kwa jicho zuri.

Vichipukizi ni vinne. Vitatu viko upande wa ukuta, vinene, vimesimama wima, vina majani ya kung'aa. Kimoja kiko upande wangu, kimepinda, kina majani manne na moja limetobolewa na mdudu. Mama Cherehani anasema tuviache vyote msimu huu, kisha tutabakisha chenye nguvu, na kila mtu anajua ni kipi. Kile kinene cha katikati, cha upande wa ukuta. Sikubisha.

Leo amekwenda sokoni kununua nyuzi. Nikabaki peke yangu na vichipukizi. Jua likapinda kidogo tu. Na hapo nikaona, kwa macho yangu haya, kivuli cha kile kinene. Kivuli chenyewe kina kimo cha kijiko. Kinaelekea ukutani!

Hapana. Nilisimama, nikazunguka ua mara kadhaa, nikamfikiria marehemu, nikafikiria kigoda, nikamfikiria binti. Nilifikiri kwa uadilifu mkubwa. Lakini jambo likishika mizizi tangu uchanga halitoki tena, na safari hii nina nafasi ya kuanza vizuri tangu mwanzo. Mara ya kwanza kosa langu lilikuwa kuchelewa.

Nimechukua kisu cha jikoni. Vile vitatu vimekwisha. Nimebakisha changu. Ni kidogo, kweli, na kinatetemeka hata nikipumua karibu yake, lakini hakina mazoea mabaya. Nimekifunga kwa waya, mnene zaidi safari hii, kuelekea nyumbani. Nimekipa kopo moja la maji, pale pale shinani.

Mama Cherehani akiuliza nitasema ni mbuzi. Mtaa huu hakuna mbuzi. Hilo nitalifikiria njiani.

Naacha kuandika hapa, saa nane inakaribia na kigoda changu kiko kwake. Sina raha sana ya kwenda. Siku hizi kule kwake mchana jua halivumiliki, nje hakukaliki, ndani ni tanuri, na yule mama anaungua bila kusema neno. Namhurumia kwa moyo wangu wote. Sijui kwa nini hapandi mti.